Unatafuta ukumbi Tunduma? Anza na saa

Wengi tuko kwenye kamati za harusi na sendofu, na hela ya ukumbi ni michango ya watu, haichezewi. Hapa kwetu mpakani mapambo siyo kitu cha kwanza.

Cha kwanza ni saa. Nakonde, upande wa Zambia, wako nyuma yetu kwa saa 1. Kwetu ikiwa saa 8 mchana, kwao ni saa 7. Kwenye kadi andikeni "saa za Tanzania", la sivyo mashangazi watafika pilau imeshapoa.

Cha pili barabara. Foleni ya malori ikifunga, maharusi wanakwama. Mimi nashauri ukumbi wenye njia ya nyuma, waulizeni bodaboda.

Kama wageni wanatoka mkoa mzima, fikirieni Vwawa, makao makuu ya Songwe, mkoa ulioanzishwa 2016. Mkitaka sehemu ya kipekee, kuna Kimondo cha Mbozi pale Ndolezi, pande la chuma lililotoka angani. Ulizeni kwanza utaratibu wa kikundi.

Mwisho, mkitoa advansi daini risiti, na jenereta muione ikiwaka. Haya wadau, nyie mnaangalia nini?