Kitone Hakitoshi
Barabara Kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, makutano ya Pangani yalikwisha kugeuka fundo la madaraja na njia za kuchepukia. Katika ramani ya nchi nzima, kitone kimoja chatosha. Sisi wanaisimu twalijua jambo hili: unukuzi mpana humfaa msomaji wa kawaida, ilhali mchunguzi wa lafudhi huhitaji ule finyu. Dereva naye ataka kuonyeshwa pa kuchepukia. Lakini mwanafunzi aliyeshushwa na matatu ng'ambo ya barabara? Idadi ya leni haimhusu; ataka kujua daraja la wapita njia li wapi. Ramani nyingi nilizoziona huchora kila leni na kulisahau daraja hilo. Enyi walimu wa jiografia, wanafunzi wachorapo makutano yaliyo jirani na shule, waanzie hapo wavukapo wenyewe.