Goli Moja Kila Mechi: Hivi Ndivyo Stars ya Benni McCarthy Hucheza

Kama ulicheki Harambee Stars kwa CHAN Agosti 2025 na bado unashangaa tuliongozaje kundi lenye Morocco na Kongo, tulia nikueleze. Haikuwa bahati, buda.

Anza na matokeo. Kongo 1-0. Angola 1-1. Morocco 1-0. Zambia 1-0. Halafu robo fainali na Madagascar, 1-1. Umeona hiyo kitu? Mechi tano, na kila mechi tulifunga goli moja, si zaidi si kidogo.

Benni mwenyewe alikuwa straika, akabeba Champions League na Porto 2004 chini ya Mourinho, so ungedhani atataka magoli kibao. Wapi! Alianza kujenga nyuma. Tukipoteza ball, mawinga wanarudi, viungo na mabeki wanakaribiana hadi katikati hakupenyeki. Mpinzani anasukumwa pembeni, anabaki kupiga krosi, na mabeki wanazisafisha. Tukiinyakua, hakuna kuzungusha pasi za kupendeza macho. Ni mbele chap chap kabla wenyewe hawajajipanga.

Ndiyo maana kadi nyekundu hazikutumaliza. Na Angola tulibaki wasee kumi dakika ya 21, na tukatoka sare. Na Morocco, Chris Erambo alitolewa kabla ya mapumziko, tukalinda lile goli la Ryan Ogam kipindi chote cha pili. Timu iliyozoea kumiliki mpira ikipunguziwa mtu inachanganyikiwa. Sisi kazi ilibaki ile ile, ni jasho tu iliongezeka. Na hao Morocco ndio walibeba kombe baadaye.

Lakini hii style iko na bei yake, na tuliilipa Kasarani. Alphonse Omija alitupea uongozi mapema kipindi cha pili, Madagascar wakapata penalti wakasawazisha, na la pili halikuja. Ikaenda matuta, tukatoka 4-3. Ukiishi na goli moja, kosa moja linatosha kukurudisha home.

So msee wa base akikuambia shida ya Stars ni kukosa kumiliki mpira, usibishane sana. Ukuta tayari tuko nao. Muulize tu: la pili litafungwa na nani?