Mama, Usingoje Hadi Uumwe

Je, mama, umewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi? Wengi hungoja maumivu au kutokwa na damu, ilhali ugonjwa huu huchukua miaka mingi kukomaa kimyakimya. Muuguzi hupaka siki, mfano wa ile unayotia kwenye chipsi, na baada ya dakika moja hivi penye kasoro hugeuka peupe. Mara nyingi kasoro hiyo hutibiwa siku iyo hiyo, kabla haijawa saratani.

Basi, ikiwa una miaka 25 hadi 49, wahudumu wa afya wakitangaza upimaji mtaani mwenu, nenda. Usione haya. Nawe baba, mpe mkeo nauli badala ya maswali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.