Sushi ya nyumbani: wali kwanza, samaki baadaye

Wengi wanadhani sushi ni samaki mbichi. Kumbe kwa Wajapani, sushi ni wali kwanza: mchele wa punje fupi unaonata, uliopikwa kisha kuchanganywa na siki, sukari na chumvi. Anayejifunza nyumbani anautandaza juu ya nori, yaani karatasi ya mwani mkavu, anaweka tango au yai, anakunja kwa mkeka mdogo na kukata vipande.

Hatari iko kwa samaki mbichi. FDA, mamlaka ya chakula ya Marekani, inashauri agandishwe siku 7 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ili minyoo ife. Friji nyingi za nyumbani hazifikii baridi hiyo. Samaki wa ziwa, hata aliyevuliwa asubuhi, apikwe aive.