Wamwagao Chumvi Njiani

Tangu Oktoba hata Aprili, nchini Uingereza, wako madereva wa halmashauri ambao wakati wa joto hukata nyasi na kuziba mashimo ya barabara, na baridi iingiapo huwekwa zamu, tayari kuitwa saa yoyote ya usiku wakamwage chumvi njiani maji yasijaganda. Kuitangulia barafu ndiyo roho ya kazi yao, ingawa wengi hudhani kwamba kazi huanza theluji ikishaanguka.

Chumvi hiyo, ambayo sehemu yake kubwa huchimbwa Winsford, jimboni Cheshire, walikokuta mwamba wake mwaka 1844 watu waliokuwa wakitafuta makaa ya mawe, haina moto wa kuyeyushia kitu. Ikikutana na unyevu wa lami hufanya maji ya chumvi, nayo hayagandi penye nyuzi 0 kama maji matupu. Yahitaji pia magurudumu ya kuiponda na kuieneza, hata barabara isiyopita magari hufaidi kidogo. Na baridi ikishuka kupita nyuzi 10 chini ya sifuri, nguvu yake hudhoofu mno. Aghalabu gramu 10 hivi kwa mita ya mraba zatosha, na theluji ikitazamiwa huongezwa maradufu na zaidi.

Mashaka makubwa yamo katika kuichagua saa. Usiku wa mbingu safi lami hupoteza joto upesi, ikawa baridi kuliko hewa iliyo juu yake, na madaraja, kwa kuwa upepo huyapita juu na chini, hutangulia kuganda. Kwa hiyo afisa wa zamu hutazama vipimo vilivyotiwa ndani ya barabara yenyewe. Mvua ikinyesha jioni kisha mbingu ikatakata, akiwatuma mapema chumvi huoshwa yote, na akichelewa barafu imekwisha kushika.

Theluji ikiwa nzito, lori hufungwa bamba la chuma mbele, likaisukuma kando kwa mwendo wa taratibu, chumvi ikifuata nyuma.

Sheria, tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2003, yawalazimu wenye mamlaka ya barabara kuzuia hatari ya barafu kwa kadiri iwezekanavyo, wala haiwezekani kufika kila kichochoro. Nami naona amlaumuye dereva kwa mtaa wake kuachwa humdhulumu, kwani njia zake hupangwa ofisini kabla ya majira, zikitangulizwa barabara kuu na ziendazo hospitali, naye hana ruhusa ya kuzikengeuka.