Kalundu: Mvuvi na kiboko kando ya maji yale yale

Kalundu, bandari ya mji wa Uvira, jimboni Kivu Kusini, huamka kabla ya jua. Mitumbwi iliyovua usiku kwa taa hurudi na ndagala na mukeke. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki vizuri, na wavuvi wengi hupumzika.

Upande wa kaskazini, mto Ruzizi unapoingia Ziwa Tanganyika, anayevua kwa ndoano anachunga pia kiboko. Mchana mnyama huyo hukaa majini. Jioni hupanda kula majani. Anayesimama kati yake na maji amemfungia njia, na hapo ndipo watu huumia.

Ziwa lilipofurika mwaka 2024, maji yalisogelea nyumba za wakaaji. Mvuvi mwenye akili huangalia kwanza nyayo mchangani, ndipo atupe ndoano.