Mpishi wa Marka na Chanjo ya Ndui



Wako wasemao mtoto asiyechanjwa afungiwe mlango wa shule. Wengine husema ni hiari ya mzazi. Kabla ya kushika upande, tumkumbuke mwenzetu Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, kaskazini-mashariki ya Kismayu. Alikwisha kufanya kazi na wachanjaji, lakini yeye mwenyewe aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 alipanda gari moja na wagonjwa wawili wa ndui, kwa muda mfupi tu, akaambukizwa. Mmoja wao, mtoto wa miaka 6, alifariki. Ali alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye alizunguka akiwahimiza wazazi wachanje watoto kuzuia polio, hadi alipofariki 2013.

Woga, basi, huondolewa kwa maelezo, si kwa kumfukuza mtoto darasani. Na mzazi wa Chula au Koyama hawezi kuvuka bahari na huku akapoteza kibarua. Tudai siku ya chanjo ilipwe, na wachanjaji wafike visiwani. Hapo hatutakuwa na udhuru: watoto wetu wote wachanjwe.